Kapu la Kiangazi: Unachonunua Unapolipia Hisa ya Shamba

Hotuba kwa wakazi wa Buruburu, Nairobi

Mwenyekiti wa chama cha wakazi, wazee wetu, akina mama na akina baba, nanyi vijana mliokubali kuitoa Jumamosi yenu ya Desemba kwa ajili ya mazungumzo ya mboga, hamjambo. Nimeombwa nieleze habari za mboga za kiangazi zitakazoletwa hapa mtaani kila juma kutoka kwenye shamba letu lililoko Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, pamoja na masharti ya hisa, yaani kulipia mapema makapu ya msimu, ambayo familia kadhaa zimekwisha kuniuliza. Naomba nianze na sharti ambalo halikuandikwa kwenye karatasi mliyogawiwa, kwa sababu ndilo zito kuliko yote: mtu anapotoa pesa zake kabla mboga haijavunwa, ananunua sehemu ya msimu mzima pamoja na mapengo yake. Asiyekubaliana na hilo leo atanipigia simu mwezi wa Februari akiuliza spinachi yake iko wapi, nami sitakuwa na jibu la kumpendeza.

Neno lenyewe, kiangazi, lahitaji kutazamwa vizuri. Vitabu vingi vya bustani vinavyouzwa mjini vimeandikiwa watu wa Ulaya na Marekani, ambao majira yao ya joto ni Juni, Julai na Agosti, wakati mchana wao unaporefuka hadi saa tatu usiku na mimea ikanywa jua kupita kiasi. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni saa kumi na mbili mwaka mzima, na Julai yao ya nyanya ndiyo Julai yetu ya kipupwe, ya mawingu yanayokaa juu ya Kikuyu tangu asubuhi hadi jioni na watoto kwenda shule wamevaa sweta mbili. Kiangazi chetu huja baada ya mvua ya vuli kukatika, kuanzia mwisho wa Desemba hadi masika yaingie mwezi wa Machi. Hata hapo joto letu si kali la kutisha. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na shamba letu liko juu zaidi, karibu mita 2,000, kwa hiyo usiku wa Januari mbingu zikiwa wazi huweza kuwa baridi kiasi cha kuchelewesha hoho na biringanya. Jua tunalo la kutosha. Kinachoamua mtakachokula ni maji.

Katika miaka tuliyokaa shambani, mume wangu na mimi tumefikia kanuni moja ambayo hatukuipata kitabuni: wakati wa mvua tunakula majani, na wakati wa kiangazi tunakula matunda ya mimea. Ninaposema matunda nakusudia nyanya, kojeti (aina ya boga linaloliwa likiwa changa), mishiri (maharagwe machanga yanayoliwa na maganda yake), matango, hoho, biringanya na maboga, au malenge kama wengi wetu tunavyoyaita. Mvua inaponyesha mfululizo, jani la nyanya hulowa na kukaa limelowa, na ukungu uleule unaoangamiza viazi huingia, ukaweza kuumaliza mstari mzima kwa juma moja. Ndiyo sababu mnaona bei ya nyanya ikipanda Mei, nanyi mkadhani ni ujanja wa wachuuzi peke yake. Kiangazi, jani likiwa kavu na maji yakipelekwa shinani, ukungu hukosa pa kushika, na nyanya huiva ikiwa na utamu ambao mvua huuzimua.

Majani nayo hupata taabu yake wakati huohuo. Sukuma wiki na spinachi hupenda ubaridi na udongo wenye unyevu, na siku za jua kali jani huwa gumu, dogo, na upande wake wa chini hujaa vidukari, wale wadudu wadogo wa kijivu ambao mama jikoni huwaona baada ya kuosha mara ya tatu. Lakini msije mkadhani kwamba tutakaa miezi mitatu bila mboga ya majani. Terere (mchicha), saga (mgagani) na kunde ni mimea iliyozoea jua tangu kale. Terere na saga hasa huendelea kukua katika joto linaloifanya sukuma wiki inyong'onyee, na kunde hutoa majani ya kuchumwa baada ya majuma matatu au manne tu. Hizi ni mboga ambazo kwa muda mrefu mjini zilihesabiwa kuwa chakula cha shida, na ni watu kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja waliotumia miaka mingi ya utafiti kutuonyesha tulichokuwa tukikidharau. Mwaka 2021 UNESCO iliweka kazi ya Kenya ya kulinda vyakula vyake vya asili miongoni mwa mifano inayostahili kuigwa na nchi nyingine. Nawaambia haya kwa sababu kila mwaka kuna mwanahisa anayepokea fungu la saga na kuniuliza kwa upole ikiwa nimekosea kapu.

Sasa nirudi kwenye maji, maana hapo ndipo hesabu ya kapu lenu inapofanyika. Sisi tunakaa karibu na kinamasi cha Ondiri, ambacho ndicho chanzo cha Mto Nairobi, mto huohuo mnaouvuka pale Gikomba mkiwa mmeziba pua. Kwetu unaanza ukiwa msafi, na mtu aweza kufikiri kwamba jirani wa chanzo cha mto hana shida ya maji. Lakini kinamasi kina majirani wengi na wote wana kiu, na kila pampu inayowekwa pale huonekana chini ya mto. Tuliamua tangu mwanzo kwamba tutamwagilia kwa maji ya mvua tunayoyavuna wenyewe kwenye bwawa lililotandikwa nailoni, lenye uwezo wa lita 200,000 likijaa. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hesabu rahisi ambayo hata mtoto wa darasa la nne aweza kuifanya, na ambayo hunifanya niitazame kila paa ya mabati kana kwamba ni ng'ombe wa maziwa.

Tuta letu moja lina urefu wa mita kumi na upana wa mita moja, na siku ya jua kali hunywa karibu lita 50. Tuna matuta 60 yanayotegemea bwawa. Hiyo ni lita 3,000 kwa siku, na kwa siku 60 bila mvua ni lita 180,000. Jua nalo huchukua chake: bwawa lenye eneo la mita 120 za mraba hupoteza kiasi cha lita 600 kwa siku kwa kufuka tu, ambazo kwa siku hizo 60 ni lita 36,000. Jumlisheni wenyewe mtaona kwamba bwawa halitoshi, hata likianza Januari limejaa hadi ukingoni. Kwa hiyo tunatandaza nyasi kavu juu ya udongo, tunapitisha mipira ya matone, tunamwagilia kabla jua halijatoka, na baada ya kufanya yote hayo bado inabidi tuchague tuta la kuachwa. La kwanza kuachwa ni la spinachi, kwa kuwa hunywa sana na kiangazi hutulipa kidogo. La mwisho kuachwa ni la nyanya. Uamuzi huo hufanywa na watu wawili waliosimama kando ya bwawa mwishoni mwa Januari wakitazama alama ya maji kwenye nailoni, na ukweli ni kwamba si mara zote watu hao wawili hukubaliana.

Mambo mengi ya kapu la Januari yaliamuliwa kabla hata sijaalikwa hapa. Nyanya hukaa majuma manne hivi kitaluni na kisha miezi miwili na nusu au mitatu shambani kabla tunda la kwanza halijageuka rangi, maana yake mbegu ya nyanya mtakazokula juma la kwanza ilimwagwa katikati ya Septemba, wakati wengine wetu tulikuwa bado tunalalamikia baridi. Mishiri na kojeti huchukua chini ya miezi miwili, kwa hiyo tunaipanda kwa zamu, tuta moja kila baada ya majuma mawili, ili isije yote siku moja. Hata hivyo kojeti haisikii mpango. Ukiikosa siku mbili, tunda lililokuwa kama kidole limekuwa kama mkono wa mtoto, na katikati ya Februari itakuwako Jumamosi moja ambayo kila kapu litakuwa na kojeti sita, nami naomba msamaha mapema.

Mbegu nayo ina visa vyake. Mwaka juzi nilinunua mbegu za hoho katika duka moja la pembejeo, ambalo sitalitaja, nikazilea kwa miezi minne, na zilipozaa zikatoa pilipili nyembamba kali ajabu. Familia 30 zilikuwa zimeahidiwa hoho za kukaanga na mayai. Niliporudi dukani nikiwa na pakiti tupu mkononi niliambiwa kwamba huenda nilichanganya mwenyewe. Wanahisa walipokea pilipili kwa majuma sita, na aliyefurahi alikuwa mzee mmoja tu, mwenyeji wa Lamu, aliyetengeneza achari na kumletea mume wangu chupa mbili. Siku hizi mbegu za mboga za kienyeji tunajiwekea wenyewe, na hizo tunazonunua naziandikia tarehe, na pakiti na risiti yake sizitupi hadi mavuno yaishe.

Mpango wa hisa wenyewe haukubuniwa na sisi. Huko Japani, katika miaka ya 1970, familia za mijini, hasa akina mama waliohofia dawa zilizokuwa zikimwagwa kwenye chakula, walipatana moja kwa moja na wakulima katika utaratibu uitwao teikei. Marekani ulianza mwaka 1986 kwenye mashamba mawili, Indian Line kule Massachusetts na Temple-Wilton kule New Hampshire, na kutoka hapo ukaenea. Lakini mama mkwe wangu, nilipomweleza mara ya kwanza, hakuona jambo la kigeni. Alisema kwamba huo ni ngwatio, ule utaratibu wa Wakikuyu wa kulimiana mashamba kwa zamu, isipokuwa wa mjini wanaleta pesa mahali pa jembe. Nadhani yuko karibu na ukweli kuliko maandishi mengi niliyosoma. Wengi wenu mko kwenye vyama vya kuchangiana, na mnajua kwamba anayepokea mwezi wa kwanza na anayepokea mwezi wa mwisho wanahitaji uaminifu uleule.

Hesabu ni hii. Hisa moja ni shilingi 10,800 kwa majuma 12, yaani shilingi 900 kwa kapu, kuanzia Jumamosi ya kwanza ya Januari. Anayeweza hulipa zote, na asiyeweza hulipa nusu sasa na nusu mwezi wa Februari. Sitawaambia kwamba ni rahisi kuliko soko. Kuna juma ambalo mtaenda Marikiti alfajiri mkanunua vitu vilevile kwa pesa pungufu, na kuna juma ambalo kapu lenu litakuwa na thamani ya mara mbili ya mlicholipa. Faida yetu sisi wakulima ni kwamba tunajua mwezi wa Desemba tutapanda kiasi gani, na pesa ya samadi na ya mipira ya matone inapatikana bila kukopa. Mkulima asiye na mpango huu hupeleka gunia lake sokoni usiku, hukutana na dalali mlangoni, na kufikia saa tatu asubuhi huchukua bei yoyote anayopewa kwa kuwa mboga za majani hazirudi nyumbani zikiwa hai. Nimefanya hivyo kwa miaka kadhaa. Siwalaumu madalali wote, maana nao wana magari ya kulipia na hasara za kubeba, ila sikuweza kumsomesha mtoto kwa bei iliyokuwa ikibadilika kati ya kushuka garini na kufungua gunia.

Nanyi mnapata nini, mbali na mboga iliyochumwa siku moja tu kabla ya kuwafikia? Mnapata haki ya kuuliza. Mtu akitaka kujua tulinyunyiza nini na lini, daftari lipo, na Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi lango la shamba liko wazi. Sitasema kwamba mboga zetu hazijawahi kuguswa na dawa ya dukani, kwa sababu nimewasikia wengine wakisema hivyo nami najua walichopitia. Vidukari tunawapiga kwa maji ya sabuni, na mashina tunayazungushia majivu. Lakini tangu mwaka 2014 Kenya ina mdudu aitwaye Tuta absoluta, kipepeo mdogo wa usiku ambaye kiwavi wake hutoboa jani la nyanya na kisha tunda lenyewe, na kiangazi ndicho kipindi chake cha sherehe. Tunaweka mitego, tunang'oa majani yaliyoshambuliwa na kuyazika, na mwaka ambao hayo hayatoshi tunanyunyiza dawa iliyoruhusiwa, tunangoja siku zote zilizoandikwa kwenye chupa, na siku hizo kapu huja bila nyanya. Hilo ni mojawapo ya mapengo niliyoyataja mwanzoni. Jingine ni vuli kukosekana. Mnakumbuka misimu mitano iliyokauka mfululizo tangu mwisho wa 2020 hadi 2022, ambayo iliwaumiza zaidi ndugu zetu wa kaskazini na mashariki mwa nchi, na mnakumbuka pia masika ya 2024 yalivyoingia majumbani hapa Nairobi. Mkulima wa ekari moja na nusu hana ghala la kuficha hali kama hizo. Kapu likipungua, karatasi iliyo ndani itasema kwa nini.

Nimeulizwa na akina mama wawili hapo mlangoni jinsi ya kupika kojeti, na kwa kuwa nimekwisha kuwatishia kojeti sita, nina wajibu wa kujibu. Ichukulieni kama mboga ya kukaanga: kitunguu, nyanya, chumvi, iingie mwisho na itoke mapema, maana ikikaa motoni hugeuka maji. Iliyokomaa kupita kiasi ikwangueni, muikamue, mkande kwenye unga wa chapati kama tunavyofanya na boga lililochemshwa. Mishiri huenda vizuri na viazi na karoti. Majani machanga ya boga msiyatupe, kwani mukimo bila hayo ni viazi vilivyopondwa tu, na nasema hivyo nikijua kwamba humu ukumbini wamo wanaopika mukimo kwa njia nyingine na hatutaelewana leo. Kuhusu saga, wenzetu wa Magharibi ndio walimu: ichemsheni, mmwage maji ya kwanza kama uchungu unawasumbua, kisha mtie maziwa na kuiacha ilale hadi kesho yake. Biringanya ichomeni juu ya makaa hadi ganda likauke, mwombeni jirani wa Pwani awaonyeshe mengine.

Kuweka pia kuna namna yake. Majani yafungwe kwenye kitambaa chenye unyevu na yaliwe kwanza, kabla ya Jumanne. Nyanya zisiingie friji, zikae mezani zikiangalia chini. Maboga hayana haraka yoyote. Kule shambani tuna chumba kidogo chenye kuta za makaa yanayolowanishwa, upepo ukipita ndani yake hupoa bila umeme, na ndimo kapu lenu linamolala usiku wa Ijumaa, lakini likishafika Buruburu joto la kabati ni juu yenu.

Makapu yataletwa kwa gari la jirani yetu, probox, kila Jumamosi saa tatu asubuhi, na yatakaa hapa ukumbini hadi saa sita. Njooni na vikapu au viondo vyenu, kwa maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017 nasi hatuna mingine ya kuwapa. Atakayesafiri amtume jirani, au aniambie kufikia Alhamisi ili fungu lake lipewe nyumba ya watoto iliyo karibu. Nafasi zilizobaki ni 11. Yale maboga mliyoyaona mlangoni ni ya masika iliyopita, tuliyavuna Agosti na bado ni mazima. Yamebaki 20 na hayalingani ukubwa. Kila nyumba ichukue moja bila malipo, ila lile lenye ufa alichukue yule atakayelipika leo jioni.